Maji ya Jana

Jumanne, 24 Machi

Mvua imeanza. Haikupiga hodi. Ilikuja alasiri na upepo wa baharini ikaingia moja kwa moja sebuleni kwa Bi Ummukulthum, mazulia yote chepe. Mimi nilikuwa nimelala juu, nikashuka mbio kufunga madirisha. Yeye amekaa palepale kwenye kiti chake, uso umejaa matone, acheka peke yake.

"Yawate wazi, Mejumaa," akanambia. "Tangu Fahmi afariki sijaguswa na kitu kitokacho nje."

Sikujua nicheke au nilie. Nikayaacha wazi, tukalowa sote wawili.

Naandika kwa sababu masika hunivuruga. Nikilala nadhani niko macho, nikiwa macho naota. Afadhali mambo niyaweke na tarehe zake. Mimi ni mpangaji wa chumba cha juu hapa Kibokoni, mwaka wa tatu sasa. Mwenye nyumba, Mzee Fahmi, alifariki mwisho wa Januari, na mkewe yumo edani: hatoki, hajipaki wanja, hajifukizi udi, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Atazama bahari dirishani, bahari nayo yamtazama.

Alhamisi, 26 Machi

Kazi yangu ni kuchota bahari. Ndivyo Bi Ummukulthum anavyowaeleza wageni wake, na mimi sina maneno bora. Nazunguka kisiwa na chupa zangu, kutoka Makupa mpaka Mama Ngina, na chupa moja naijaza kwenye ngazi za mawe zinazoshuka majini chini ya nyumba hii hii. Maabara tunatafuta vijidudu vya kinyesi. Vikiwa vingi, watu wasiogelee hapo, wala wasile chaza wa hapo.

Maji tunayatia dawa, tunayamimina kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogovidogo, tunaiweka kwenye joto siku nzima. Kisha tunazima taa za chumba na kuimulika kwa taa ya zambarau. Kishimo chenye uchafu hung'aa buluu. Ni buluu nzuri wallahi, asiyejua angetamani kuivaa. Na jibu hutoka kesho yake tu. Kwa hivyo sisi na elimu yetu yote twajua maji ya jana.

Jumapili, 29 Machi

Leo nilipokuwa nikimfunga kidonda (ana sukari, na kisigino cha kulia kimekataa kupona) Bi Ummukulthum alinishika mkono.

"Eda ikisha nataka kutolewa baharini."

Nyanya yake alitolewa hivyo, na mama yake pia. Alfajiri, wanawake wamemzunguka kwa leso, mjane ashuka ngazi mpaka maji yamfike shingoni, azame, atoke. Na lazima maji yawe yanatoka, ili yaende na msiba. Yakiwa yanajaa, ati yatakurudishia. Ameishi hatua chache kutoka majini tangu alipoolewa na hajatia hata kidole. Mzee Fahmi ndiye aliyekuwa akiogelea kila siku ya Mungu.

"Akirudi anuka chumvi mpaka mchana," akasema. "Na mimi nikimgombeza kwa kunilowesha sakafu. Sasa sakafu kavu, naichukia."

Binti yake, Lubaba, aishiye Makadara, alikuwa akikunja nguo. Akazitupa kitandani. "Mama, una kidonda! Bahari hiyo yapokea mitaro ya mji mzima. Wataka ukatwe mguu? Maji ya moto yako bafuni."

Bi Ummukulthum akanigeukia mimi. "Huyu ndiye mwenye bahari. Akisema safi, nitaingia. Akisema chafu, nitaoga bafuni na sitasema tena."

Lubaba alinitazama nikahisi joto masikioni. Nikaitikia. Kusema kweli nilijiona mkubwa.

Jumatano, 1 Aprili

Ngazi za nyumbani: vishimo viwili tu. Safi.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua usiku kucha. Vishimo vitatu. Nilimwambia, akanipa mahamri mawili ya ziada na mbaazi. Nikiendelea hivi nitapasua nguo.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Nimelala.

Jumanne, 14 Aprili

Niliota bahari imepanda ngazi, ikavua viatu mlangoni, ikaketi sebuleni ikisubiri chai. Bi Ummukulthum akaiuliza habari za nyumbani. Nilipoamka nilikuwa na huzuni kwamba haikuwa kweli.

Ijumaa, 17 Aprili

Leo jamaa aitwaye Kiti alitufuata mpaka mlangoni pa maabara, kapu begani, domo mbele. Kiti huokota chaza upande wa Tudor na kuwauzia wachomaji wa Mama Ngina. Juzi tulichukua chaza wake tukawapima pamoja na maji ya palepale alipowatoa. Maji safi. Chaza, Mungu anisamehe, sitaki hata kuandika.

"Ebu nieleze, dada," alisema. "Maji mwasema mazuri. Chaza wangu mwasema wabaya. Kwani chaza wanakula wapi, hotelini?"

Mwenzangu Cynthia alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikasirika. Nilimwambia Kiti mitambo haina ugomvi na mtu, na asiuze mpaka tupime tena. Akasema mitambo yetu imelogwa, akaenda zake. Nami nilidhani hivyohivyo, kwamba tumekosea mahali, labda chupa chafu, labda Cynthia kachanganya. Cynthia naye ananidhania mimi.

Jumamosi, 18 Aprili

Sikulala vizuri. Alfajiri nilikuwa kitandani nasikiliza maji yakitoka chini ya dirisha. Bamvua kubwa, maji yanavutwa kweli, na mawe yakiguguna. Nikawa nayafuata kwa akili, nusu usingizini: yanatoka Tudor, yanapita chini yetu, yanakwenda zake kwenye maji makuu, yamebeba kila kitu tulichokitupa usiku.

Nikaketi wima. Yarabi!

Sisi hatujawahi kuchota maji yakipwa. Hata mara moja. Jedwali letu lote ni la maji kujaa, na maji yakijaa ni bahari kuu inaingia, safi, haina habari na sisi. Chaza amekaa palepale pande zote mbili za siku. Anakunywa yanayokuja na anakunywa yanayokwenda. Hakuna aliyelogwa.

Na mimi nimemwambia mama wa watu kila juma kwamba ni safi. Yeye atashuka yakiwa yanatoka.

Jumatatu, 20 Aprili

Nilimwendea Bwana Tayebali kabla hata hajatundika mwavuli. Ni mkuu wetu, Bohora mpole, kofia yake nyeupe yenye mstari wa dhahabu haijawahi kukaa upande. Nilimweleza yote, na nikamweleza vibaya, kwa sauti ya juu.

Alitundika mwavuli. "Hiyo amri ya maji kujaa ni yangu," akasema. "Wajua kwa nini? Ngazi zile yakipwa ni utelezi mtupu. Shukri, aliyekuwa akichota kabla yako, alianguka pale, nyonga ikavunjika. Nilimbeba kwa mikono hii. Nikaapa simpeleki tena mtoto wa mtu kwenye ule utelezi."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mzembe. Nimekuta mtu aliyetuonea huruma, na huruma yake ndiyo imetutia upofu miaka yote.

"Nenda," akasema mwishowe. "Lakini kwa kamba. Cynthia akae juu aishike. Na usivae hivyo viatu."

Jumatano, 22 Aprili

Nimechota yakipwa. Utelezi wa mwani mpaka kiunoni, Cynthia huko juu ashikilia kamba na kunisomea dua za kanisani kwao. Maji kwa macho hayana neno. Kijani, yamenyamaza, yanatembea polepole kuelekea nje. Ningeweza kulala juu yake.

Alhamisi, 23 Aprili

Tulizima taa. Cynthia akawasha ile ya zambarau.

Vyote. Vishimo vyote, hakuna hata kimoja cheusi. Chumba kizima kikawa buluu, kuta, makoti yetu, meno ya Cynthia, ndevu za Bwana Tayebali. Aibu yangu ni kwamba kwanza niliona uzuri. Nilisimama pale kama mtu aliyefika peponi, halafu ndipo nilipokumbuka ninachokitazama.

Bwana Tayebali alivuta kiti akakaa. "Miaka yote hii," akasema kwa sauti ya chini.

Nyumbani Bi Ummukulthum ameniuliza kabla sijavua buibui. "Leo yaje?"

Nikasema majibu bado.

Jumamosi, 25 Aprili

Bado sijasema.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua. Nimemfunga kidonda, kinapungua. Ameniuliza tena. Nimesema mtambo umeharibika. Sasa nasema uwongo juu ya uwongo na sina hata ufundi wake.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimesema. Alikuwa akichambua mchele kwenye uteo, mimi nimesimama mlangoni na viatu mkononi.

"Bi Ummukulthum, maji yakijaa ni safi. Yakiwa yanatoka hayafai. Si kidogo. Hayafai kabisa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, nadhani. Sisi ndio hatukuangalia."

"Nakuuliza wewe wajua tangu lini."

"Juma zima."

Vidole vyake vikasimama. "Juma zima waja hapa, wanifunga mguu, wanitazama kwa haya mato, wanambia majibu bado."

Nikaanza kueleza, kwamba sikutaka kumvunja moyo, kwamba nilikuwa natafuta njia. Akainua mkono.

"Fahmi hakunidanganya hata siku moja. Nikiunguza wali alisema nimeunguza wali, mbele ya wageni. Watu wakimwona hana adabu. Mimi nikijua nyumbani kwangu mna mtu mmoja ambaye neno lake naweza kulisimamia. Alipokufa, nilikuweka wewe hapo, Mejumaa. Sikumweka mwanangu. Wewe." Akarudi kwenye mchele wake. "Nenda juu."

Nilipanda. Nikalala kifudifudi mpaka magharibi, nikalia mpaka mto ukalowa. Ningependa kuandika kwamba nililia kwa ajili yake, lakini ni kwa ajili yangu. Nilipenda kuwa mwenye bahari. Nilipenda lile swali kila jioni. Nikaona nikitaja ukweli ataacha kuniuliza, na kweli ameacha.

Jumatano, 6 Mei

Mvua. Makupa maji yamefika magurudumuni, malori yamepanga foleni. Bi Ummukulthum haongei nami. Chai yangu naikuta kwenye ngazi, imefunikwa kwa kisahani.

Jumamosi, 9 Mei

Lubaba kanishika mlangoni kunishukuru. "Umemwokoa mama," akasema. "Ile ndoto imemtoka." Nilitamani nimwambie anyamaze. Mama yake alikuwa dirishani, ametupa mgongo, na alisikia kila neno.

Jumatano, 13 Mei

Mvua na mvua. Nazunguka kisiwa nikiwa nimelowa, nachota yakijaa, nachota yakipwa. Yakijaa: vitano, vinne, saba. Yakipwa: buluu tupu. Bahari moja, mlango mmoja, kutwa mara mbili anaingia mgeni na mara mbili yanatoka maji ya kuoshea vyombo. Nimeanza kuisikia tofauti hata nikiwa usingizini. Ikiingia hupumua ndefu. Ikitoka huburura.

Jumatatu, 18 Mei

Kiti amehamia ng'ambo, upande unaopokea maji makuu. Tulimpima, chaza wake wako sawa. Hajanisamehe ila amenipa sita bure. Nimewala.

Ijumaa, 22 Mei

Bwana Tayebali ameagiza mabango yawekwe kabla ya Idi: watu wasiogelee maji yakitoka. Mabango yote yana saa, na saa hubadilika kila siku, kwa hivyo kila asubuhi mimi na Cynthia twazunguka na chaki. Yeye mwenyewe hutufuata nyuma na mwavuli kuona kama namba zasomeka.

Jumatano, 27 Mei, Idi

Mbingu imefunguka. Watoto wamejaa Mama Ngina kwa nguo mpya, nusu yao ndani ya maji na hizo nguo mpya, mama zao wapiga kelele ufukweni. Yalikuwa yanajaa. Nilikaa ukutani na mhogo wangu wa kukaanga nikawatazama wakirushana, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili nilikuwa na furaha.

Niliporudi nilikuta sahani ya pilau kwenye ngazi, si chai. Na Bi Ummukulthum mwenyewe kasimama pembeni yake.

"Kula ingali moto," akasema. Halafu: "Mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa saa ngapi?"

Nilimtajia. Akatikisa kichwa akaingia ndani.

Jumapili, 31 Mei

Mvua kubwa mchana, ya ghafla. Mitaro yote ya Kibokoni ilibubujika. Nilitoka nikachota yakijaa, katikati ya mvua, Cynthia akinitukana.

Jumatatu, 1 Juni

Vishimo sita. Bado ni salama, lakini ni maji ya jana.

Kesho eda yatimia. Baada ya isha aliniita chini. Lubaba alikuwapo, na majirani wawili wanawake.

"Kesho maji yajaa mpaka saa ngapi?"

"Karibu na saa kumi na mbili, kasorobo hivi."

"Basi nitashuka baada ya swala. Yakiwa bado yaja."

Lubaba akaruka. "Mama! Si ulisema lazima yawe yanatoka? Ndiyo maana yake yote. Yaende na msiba."

"Ndivyo walivyofanya mama zangu." Alikuwa ametulia, mikono mapajani. "Nimekaa humu miezi minne, sina kazi ila kufikiri. Nyanya yangu mumewe alikuwa akimpiga. Ana haki yake, maji yamchukue hata yamfikishe Bombei. Mama yangu, baba alimwachia wake wenza wawili. Haya, naye yamchukue. Mimi wangu nani kawambia nataka aende?"

Akageukia dirishani.

"Nataka aje," akasema.

Jirani mmoja akajifuta uso kwa ncha ya leso. Lubaba akanigeukia kwa hasira, "Na wewe sema kitu basi! Ni salama au si salama?"

Wote walinitazama. Nilikuwa na vile vishimo sita mdomoni, ningeweza kuvitoa wakaridhika.

"Sijui," nikasema. "Jana yakijaa yalikuwa salama, na mvua ikinyesha. Leo haikunyesha. Nafikiri kesho yatakuwa mazuri. Lakini kujua, nitajua keshokutwa. Na kidonda bado hakijafunga vizuri. Sijui, Bi Ummukulthum."

Kisha akanyoosha mkono akanivuta nikae kando yake, kama zamani.

"Haya," akamwambia Lubaba. "Umesikia. Hajui. Sasa twaweza kwenda."

Jumanne, 2 Juni

Nilimfunga kisigino kwa nailoni na plasta tabaka tatu, nikafungua nikafunga upya. Yeye alitulia. Tulishuka baada ya swala, mwezi ungali juu ya mapaa ya Kibokoni, mkubwa, na maji yamepanda mpaka ngazi ya nne, yanapumua ile ndefu. Wanawake wakafungua leso kumzunguka. Lubaba alimshika mkono mmoja, mimi mwingine.

Alitia mguu mmoja. Akapiga ukelele nikadhani ameumia.

"Baridi! Fahmi, mwana kharamu we, miaka yote hukunambia kuna baridi namna hii!"

Jirani mmoja aliachia pembe ya leso kwa kicheko. Lubaba alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akamng'ang'ania mamake shingoni majini humohumo, na nguo zake zote. Bi Ummukulthum akampapasa mgongo. Akamwachilia taratibu. Akafumba macho, akazama.

Alikaa chini kuliko nilivyotaka. Maji yakajifunga juu yake, laini, na mwezi ukakaa palepale alipokuwa. Nilihesabu pumzi zangu. Nilifikiria kile kisigino, na mitaro ya juzi, na neno langu la sijui. Niliogopa kweli. Nilitaka kumvuta na sikumvuta.

Alitoka akihema, nywele nyeupe zimemfunika uso, mdomo wazi. Aliyalamba maji mdomoni pake.

Nilijaza chupa kando ya bega lake.

Jumatano, 3 Juni

Kabla ya saa zake jibu si jibu. Nimeketi mbele ya ule mtambo wa joto tangu alfajiri, Cynthia akiniletea chai nisiyokunywa. Bwana Tayebali alipita mara tatu kutafuta kalamu.

Saa ilipofika nilizima taa mwenyewe. Sikuweza kuwasha ile nyingine, Cynthia akaiwasha.

Giza. Niliinama mpaka pua ikagusa sahani. Kwenye pembe ya chini, kimoja, hafifu.

"Kimoja," Cynthia akasema. "Mejumaa, kimoja tu."

Nilimkumbatia Cynthia, kidogo nimkumbatie na Bwana Tayebali, akaniwahi na mwavuli. Nilichukua tuktuk nyumbani, mimi ninayetembea kila siku. Niliingia nikiita jina lake. Chumba chake kilikuwa wazi, madirisha wazi, harufu ya udi imejaa, nguo zake za eda zimeloweka kwenye beseni. Lubaba alikuwa akipiga deki.

"Mama yuwapi? Nina jibu."

"Katoka."

"Katoka wapi? Na nani?"

"Makadara, kununua leso. Peke yake, na wanja amejipaka." Lubaba akaegemea fagio, ajaribu kukasirika asiweze. "Nilimwambia, mama, basi mngoje Mejumaa aje na majibu. Akasema, akija mwambie ale, chakula kimefunikwa."

Nilisimama nikihema na jibu langu. Kisha nikanawa mikono, nikala.